Marehemu wa Ghorofa ya Nne

“Zachariah Were? Mtu huyo nilimzika mimi mwenyewe!”

Hapo ndipo tulipoachana Ijumaa iliyopita, msomaji, na nimesikia wapo walionilaani kwa kuikata hadithi mahali pabaya. Haya, tusipoteze wakati. Ukistaajabu ya Musa, leo utayaona ya Firauni.

Sauti ilitoka benchi la nyuma, ndani ya ofisi ya akiba ya wazee, ghorofa ya nne ya Jumba la Sunbeam, katikati ya Nairobi. Mwenye sauti alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, kikapu miguuni. Na mzee aliyekuwa amesimama mbele ya karani, akigeuka polepole, ndiye huyo Zachariah Were mwenyewe.

Au ndivyo kadi zake zilivyosema. Jina alilopewa na mama yake ni Tobias Odero. Zachariah Were alikuwa ndugu yake mdogo, na mwanamke yule ni Rael, mjane wa Zachariah.

Uongo huu haukuzaliwa jana. Mwaka vita vya Hitla vilipoisha, Tobias alitoroka shamba la mkonge kule Thika kwa sababu ya kiboko cha nyapara. Kipande chake, ile kadi ya kazi ambayo mkoloni alimvisha kila Mwafrika shingoni, hakikutiwa sahihi ya kuachiliwa kazi, na siku hizo mtu mwenye kipande cha namna hiyo alikuwa mali ya polisi. Alipofika kwao Nyanza alikuta Zachariah amekufa kwa homa, matanga hayajaanuliwa. Kipande cha marehemu kilining'inia ukutani, safi, kimetiwa sahihi. Tobias akakivaa shingoni, akaja Nairobi, akawa Zachariah. Baadaye serikali ilipoandikisha watu upya, akaweka dole gumba lake kando ya jina la marehemu, na mambo yakatulia.

Aliiba jina, na pamoja na jina akaiba ujana, maana Zachariah alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi. Waajiri walimpenda kwa hilo. Mtu wa pekee jijini aliyemwita Tobias alikuwa mkewe, Peres, tena mlango ukiwa umefungwa; mbele za watu alimwita Baba Milcah, kwa jina la mtoto wao.

Sasa ujana ule ulikuwa unamdai. Mwezi uliopita Jumba la Sunbeam liliweka lifti mpya ya kujibonyezea, na Tobias, aliyeiendesha ile ya zamani tangu kabla ya Uhuru, akaambiwa asante na kwaheri. Mwilini alikuwa na miaka sitini na miwili. Kwenye kadi alikuwa na hamsini na miwili. Na akiba ya wazee, ambayo si penseni ya kila mwezi bali ni fungu moja unalopewa ukistaafu, hapewi mtu ambaye hajatimiza sitini.

“Mzee, wewe bado kijana,” karani Mutiso alikuwa amemwambia. “Urudi baada ya miaka minane. Jina lako nani tena? Zachariah Were?”

Ndipo Rael akaruka kutoka benchini.

“Mama, unasema umezika nani?” Mutiso aliuliza sasa, kalamu juu.

“Zachariah Were. Mume wangu. Nimekuja kwa ajili ya haki yake.” Rael alisogea mbele, kisha akauona uso wa mzee. Akausoma kama mtu anayesoma herufi ndogo bila miwani.  “Uuuwi,” alisema kwa sauti ya chini. “Uuuwi, Mungu wangu.”

Tobias alimtazama kwa macho ya kuomba. Hakuwa na kitu kingine cha kumwomba nacho.

Benchi zima la wazee lilikuwa limeinua shingo. Siku nzima wanangoja foleni, na sinema imewajia bure.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka Bwana Kivuva, mkubwa wa ofisi, mtu mnene mpole mwenye sauti ya kuimba kwaya. Akachukua kadi za Tobias, ya akiba na ya hospitali, kutoka kwa Mutiso, na cheti kutoka mkononi mwa Rael, akawatazama wote wawili.

“Ingieni kwangu,” alisema. “Wote. Maiti na mfiwa.”

*

“Kwa hii kazi nimeona mengi,” Bwana Kivuva alianza, “lakini jina moja kuja kulipwa kwa sababu limezeeka, na saa hiyohiyo kuja kulipwa kwa sababu limekufa, hiyo sijaona. Mama, anza wewe. Nani alikuambia uje hapa?”

Rael aliketi ukingoni mwa kiti. Alieleza kwamba kijana mmoja wa kanisani kwao alikuja Nairobi kuleta vifurushi katika jumba hili, akapanda lifti, akaona kibao kifuani pa mwendesha lifti: Z. WERE. Aliporudi nyumbani akalitangaza jina hilo baada ya ibada kama kichekesho. Rael hakucheka. Alimwendea pasta, na pasta akamwambia kwamba siku hizi serikali inakata watu mishahara, inawawekea, na mtu akifa mjane hulipwa.

“Nikasema, kama jina lake bado liko kazini Nairobi, labda mume wangu aliwekewa kitu,” alimaliza. “Mimi sijui mambo ya ofisi.”

“Alikufa mwaka gani?”

“Mwaka ule vita vya Hitla viliisha.”

Kivuva alivua miwani. “Pole sana, mama. Hii akiba ilianza tumeshapata Uhuru. Mtu aliyekufa wakati wa mkoloni hakukatwa hata senti. Wewe hapa huna kitu.”

“Kwa hivyo nimepanda gari usiku kucha bure?”

“Bure kabisa.” Kivuva akamgeukia Tobias, na upole ukapungua. “Lakini kuna mtu amekatwa kila mwezi kwa jina hilo. Wewe ni nani?”

“Mimi ni mtu wa lifti,” Tobias alijibu.

“Hiyo najua, si umenipandisha miaka yote? Nakuuliza jina.”

Tobias alijiuliza moyoni. Kwa nini mtu asiseme ukweli tu na kupumzika? Ukweli ungemfanya awe na miaka sitini na miwili. Ukweli ungemlipa akiba yake!

Kivuva alikuwa kama amemsoma moyoni.

“Nikueleze, mzee, usije ukasema sikukueleza. Kama wewe ni Zachariah, basi una miaka hamsini na miwili, akiba yako iko salama, rudi ukitimiza sitini. Kama wewe ni mtu mwingine, hata kama una miaka mia, itabidi kwanza ueleze kwa nini umekuwa ukitumia jina la maiti. Swali hilo si langu, ni la polisi. Na kila kadi yenye jina hilo itafungwa leoleo.”

“Kila kadi?”

“Kila kadi. Hata ya hospitali.”

Maji yakamfika Tobias shingoni. Unakumbuka, msomaji, kwamba kule Kabiria, katika chumba cha mabati nyuma ya duka la mkaa, Peres alikuwa na uvimbe tumboni. Alikuwa mwanamke aliyefua nguo za matajiri wa Karen mpaka tumbo likakataa kuinama. Daktari alisema akatwe uvimbe huo Jumatatu, wala asicheleweshwe. Na hospitali ya masista ilikubali kumlaza kwa sababu moja tu: mumewe alikuwa na kadi ya bima. Tobias alijiandikisha mwenyewe pale watu wa mishahara midogo waliporuhusiwa kujiunga, na wenzake wakamcheka kwamba analipia ugonjwa ambao haujaja. Sasa ugonjwa ulikuwa umekuja. Kadi ilisema Zachariah Were, na mke wake Peres.

Zachariah akifa, Peres naye hana kitanda.

“Sasa ni wakati wa chakula,” Kivuva alisema akitazama saa. “Nendeni. Saa nane mrudi na jibu moja. Nikisikia majibu mawili, napiga simu.”

Akazikusanya karatasi zote, kadi ya akiba, kadi ya hospitali na cheti cha Rael, akaziwekea jiwe juu ili feni isizipeperushe. Kumbuka jiwe hilo.

*

Walikaa katika bustani ya Jeevanjee, kila mmoja upande wake wa benchi. Makarani walikuwa wamelala kwenye nyasi, magazeti usoni.

“Nilifikiri na wewe ulikufa,” Rael alisema. “Watu walisema ulizama kule Kisumu.”

“Shemeji, nisamehe.”

“Sitaki nisamehe-nisamehe zako. Unajua nyumba yangu iko wapi?”

“Si pale pale, chini ya kisima?”

“Imelala. Mvua za mwaka huu zimeiangusha. Silali kwangu, nalala jikoni kwa jirani na mbuzi wake.” Rael alizungumza bila kupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Tobias zaidi. “Nyumba ya mjane inajengwa na nani, shemeji?”

 Tobias alijua vizuri. Kwao, nguzo ya kwanza ya nyumba ya mjane husimamishwa na mtu wa boma la marehemu, ndugu yake. Asiposimamisha yeye, hakuna fundi atakayekubali kugusa udongo, hata ukimwaga fedha. Watu huogopa. Zachariah alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na ndugu huyo alikuwa Nairobi, amevaa jina la marehemu, akiwapandisha watu ghorofani.

“Pasta akasema tumwachie Mungu,” Rael aliendelea. “Mungu hakuja na nguzo. Nikasema, basi nikipata hiyo akiba nitanunua kiwanja mahali pasipo na mwiko, nijenge kama mgeni. Sasa hata hiyo hakuna.”

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Tobias alikuwa ameketi kando yake akifungua kikapu. Rael alitoa mhogo wa kuchemsha, akauvunja, akampa nusu. Hata hasira ilikuwa haijamzuia kumlisha shemeji yake.

Tobias aliushika tu mhogo wake. Akamweleza yote: uvimbe, Jumatatu, kadi. Alieleza akitazama viatu vyake.

“Huyo Peres ni mgonjwa hivyo?”

“Anaficha. Lakini usiku namsikia anauma shuka.”

 Hapo Rael akafanya jambo ambalo mimi mwenyewe, niandikaye hadithi hii, sikulitazamia kutoka kwake.

“Nitasema wewe ndiye Zachariah,” alisema.

“Nini?”

“Nitasema nilidanganya. Nitasema niliyemzika alikuwa ndugu yako, Tobias. Huyo mkubwa wa ofisi anataka jibu moja, si ndiyo? Tumpe moja. Akiba utangoja hiyo miaka minane, utafanya nini. Lakini mwanamke atakatwa Jumatatu.”

Machozi yalimtoka Tobias kabla hajajua yanatoka wapi. “Na wewe unataka nini, shemeji?”

“Desemba uje nyumbani. Usimamishe nguzo. Basi.”

“Nitakuja.”

“Apa.”

“Naapa kwa huyo aliyelala pale chini ya mti wetu. Kwa Zachariah.”

Wakala mhogo. Kwa mara ya kwanza tangu aambiwe asante na kwaheri, Tobias alihisi njaa. Pole sana, mzee Tobias. Mfa maji haachi kutapatapa, na wewe umeshika jani ukidhani ni mtumbwi!

*

Saa nane Bwana Kivuva aliwakuta wamesimama mlangoni kama wanafunzi.

“Haya. Jibu.”

“Huyu ndiye Zachariah Were,” Rael alisema.

“Eh! Asubuhi ulimzika, mchana umemfufua?”

“Bwana mkubwa, hebu nikuulize.” Rael alishika kiuno. “Mwanaume akikuacha na harusi bado mbichi, haandiki barua, hatumi hata sukari, miaka ishirini na tisa, huyo si maiti? Mimi nilimzika hapa.” Akajigonga kifuani. “Kule kaburini yuko ndugu yake, Tobias. Nilikuwa na hasira. Nilisema kama hawezi kunilisha akiwa hai, basi anilishe akiwa amekufa.”

Kivuva alimtazama kwa muda mrefu, kisha tumbo likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akavua miwani na kupangusa macho. Mutiso, aliyekuwa ameletwa kuandika, akacheka pia. Hata Tobias alitabasamu. Mwanamke huyu alikuwa amezungumza kwa uchungu wa kweli, kwa hiyo hakuna aliyeuona uongo uliokuwa ndani yake.

“Mzee, ni kweli?”

“Ni kweli,” Tobias alisema. “Mimi ni Zachariah. Tobias alikufa.”

Alisikia baridi akilitamka. Mtu kujitangazia kifo chake si jambo dogo, hata akiwa anafanya hivyo ili kuokoa mtu.

“Sawa. Dole gumba lako liko serikalini kwa jina hilo, kwa hivyo mimi sina ugomvi. Mutiso, lete wino. Andika maelezo, aweke dole, tumalize.” Mutiso akampaka mzee wino doleni, huku Kivuva akiondoa jiwe na kuanza kupanga karatasi. “Kadi ya akiba, hii. Kadi ya hospitali, hii. Na hii…”

Akasita.

“Hiki ni cheti chako cha ndoa, mama?”

“Ndiyo,” Rael alisema. “Nilikileta kuonyesha kwamba mimi ni mjane.”

“Ndoa ya kanisa. Zachariah Were na Rael. Sahihi ya mmisheni. Muhuri.” Kivuva aliweka cheti kando ya kadi ya hospitali, akaangalia huku, akaangalia kule. Kicheko kilikuwa kimeisha. “Mzee, hapa kwa kadi umeandika mke wako ni Peres.”

Akaigeuza kadi ili Tobias aione.

“Peres ni nani?”

Tobias alimtazama Rael. Rael alikuwa amekodoa macho. Hakuna kati yao aliyekuwa amekikumbuka cheti. Kule bustanini walikuwa wamemfufua Zachariah, wakasahau kwamba Zachariah akifufuka, anafufuka na ndoa yake.

“Nisikilizeni vizuri,” Kivuva alisema. “Mtu aliyefunga ndoa ya kanisa, na mke yuko hai, hana mke wa pili. Sheria haimjui. Akimwandika mwingine, hilo ni kosa, tena kosa la kufungwa. Sasa labda mzee ulikosea kuandika? Labda Peres ni dada yako? Binti?” Alikuwa anampa njia, masikini. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa unakaza kamba. “Mimi sitaki kumfunga mzee aliyenipandisha lifti. Tunafuta Peres, tunaandika Rael, nateremsha kadi ghorofa ya tatu kwa watu wa bima, inatoka imenyooka. Eh?”

“Bwana mkubwa,” Rael alianza, “mimi sihitaji…”

“Mama, hujaulizwa unahitaji nini. Wewe ni mke wake au si mke wake?”

Rael alikitazama cheti. Akisema si mke, basi huyu si Zachariah, na simu ile pale mezani. Akisema ni mke, Peres amefutwa. Alimgeukia Tobias, na macho yake yalikuwa yakisema: shemeji, nimefanya nini?

Tobias alijaribu kufikiri. Kila mlango alioufungua kichwani ulikuwa na ukuta nyuma yake. Alijichukia. Alimchukia nyapara wa Thika, ambaye labda alikuwa amekufa zamani. Akatamani angekuwa ndani ya lifti yake ya zamani, afunge geti la chuma, ateremke tu.

Na hapo, msomaji, mtu akabisha hodi.

*

Alikuwa Peres.

Alisimama mlangoni akishika fremu, leso imefungwa juu ya tumbo, jasho limemlowesha shingo. Alikuwa amepanda ngazi. Zote. Hakuwa tayari kuingia kwenye lifti isiyoendeshwa na mumewe, ndivyo alivyokuwa ameapa tangu siku mzee alipofutwa kazi, na Tobias alikuwa amecheka.

Mkononi alikuwa na karatasi ya hospitali. Masista walikuwa wamemwambia aje ipigwe muhuri na watu wa bima kabla ya Jumatatu. Ghorofa ya tatu, ambako Bwana Kivuva alikuwa ameshaiulizia kadi ya mumewe, wakamwambia iko juu kwake.

“Hodi,” alisema. “Namtafuta…”

Akaona uso wa Tobias. Akamwona mwanamke mwenye kitambaa cheupe. Akakiona cheti mezani, na kidau cha wino, na karani aliyeshika mkono wa mumewe. Peres hakusoma shule, lakini akiwa nje ya mlango alikuwa amelisikia lile swali la mke na si mke, tena alikuwa ameishi na siri hii kitanda kimoja, na aliifahamu harufu yake.

“Mama, karibu,” Kivuva alisema. “Wewe ni nani?”

Peres aliiachia fremu ya mlango.

“Nani wake?” Kivuva aliongeza, akimwonyesha Tobias kwa kalamu. “Unamjua huyu mzee?”

Sema, Tobias alijiambia. Sema wewe kabla hajasema yeye. Lakini aseme nini? Huyu ni mke wangu? Wangemkamata yeye na kadi ingefungwa. Huyu si mke wangu? Afadhali ulimi ung'oke. Alisimama pale, mzee mzima, dole gumba likiwa jeusi kwa wino, akingoja mwanamke mgonjwa ambebe.

Peres aliikunja karatasi ya hospitali, mara moja, mara mbili.

“Namjua,” alisema. “Mimi ni jirani yao kule Kabiria.”

“Jirani?”

“Jirani tu. Bibi yake huyu hapa aliacha karatasi yake nyumbani.” Akatembea mpaka kwa Rael, polepole, kila hatua akiichagua. Akamtia karatasi mkononi, akavifunga vidole vya Rael juu yake. “Shika, dada. Usiipoteze. Jumatatu ni siku yako ya kukatwa.”

Rael alianza kulia bila sauti.

“Ah!” Kivuva alisema, na uso wake ukaangaza kwa furaha ya mtu ambaye hesabu zake zimelingana. “Kumbe mgonjwa ni wewe, mama! Ndiyo sababu mmekuja mbio. Pole. Usilie, mambo ni tayari. Mutiso, futa hapo Peres, andika Rael.”

Kalamu ya Mutiso ilipita juu ya kadi kwa mstari mmoja ulionyooka.

“Nawaacha,” Peres alisema. Hakumtazama Tobias. Kama angemtazama, wote wangejua. “Baba Milcah… yaani, Bwana Were, kwaheri.”

Akatoka. Tobias alisikia ndala zake zikiburuzika kwenye koridoo, zikapita mlango wa lifti bila kusimama, zikaanza kushuka ngazi. Aliwapandisha na kuwashusha watu wa jumba hili miaka yote hiyo, na leo mkewe alikuwa anashuka kwa miguu na tumbo lile.

“Weka dole, mzee,” Mutiso alisema.

Akaweka dole.

“Na hapa chini tena. Hapo pa ndoa.”

Mutiso alikuwa amekishika kidole chake juu ya karatasi ya pili kitu kiliposikika kutoka ngazini. Kishindo, kama gunia la mkaa lililotupwa. Halafu ukelele wa mwanamke ambaye uchungu umemsahaulisha majirani, makarani, kadi na kila kitu alichofundishwa kuficha.

“Tobias! Tobias wee!”

Kalamu ya Kivuva ikasimama.

“Tobias?” alisema. Alimtazama Rael, akamtazama mzee. “Si ndiye huyo mliyesema yuko kaburini?”

Rael aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikamfunika macho.

“Tobias!” Sauti ilikuwa imepungua sasa.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, na kabla ya hapo miaka ishirini na tisa. Alikaza meno. Lakini mdomo haukumngoja.

“Nakuja, Peres,” Tobias aliitika. “Nakuja, mke wangu.”

Mkono wa Bwana Kivuva ukaenda kwenye simu. Akainua, akaanza kuzungusha namba, macho yake hayajamwacha mzee. Na Tobias, akikimbia kuelekea ngazini na dole lake jeusi, hakujua kama mtu huyo anamwita daktari au anawaita polisi.